Indiketa Inawaka, Pengo Linafungwa

Maswali ya wasomaji: barabara na watumiaji wake

SWALI

Ndugu Mwandishi,

Ninaishi Tabata na ninafanya kazi Kariakoo. Kila asubuhi ninaingia Barabara ya Mandela kwa kukata kulia, hivyo ninajikuta kwenye leni ya kulia, ilhali nikifika Buguruni natakiwa kukata kushoto niingie Barabara ya Uhuru. Maana yake ni kwamba hakuna siku ya kazi inayopita bila mimi kuomba kupishwa. Ninawasha indiketa mapema, mbali kabisa na makutano, lakini mara tu taa ile inapoanza kupepesa, gari la leni ya pili, ambalo lilikuwa likisogea kivivu, linakanyaga mafuta na kuziba pengo. La nyuma yake nalo linafanya vivyo hivyo. Wiki iliyopita nilipishwa na gari la kumi na nne, nilihesabu. Je, watu hawa wananufaika nini? Hizo sekunde chache wanazipeleka wapi? Na je, ninakosea nikiingia bila kuwasha indiketa kabisa? Nimeanza kufanya hivyo, na ninaona ndiyo namna pekee inayonisaidia.

Msomaji, Tabata

JIBU

Ndugu msomaji, nianze na maneno yako ya mwisho, kwa sababu ndani yake mna nusu ya jibu. Unasema umeacha kuwasha indiketa kwa kuwa ukiiwasha unafungiwa. Mwenzako aliyekufungia, ukimuuliza, atakwambia kwamba anabana bampa ya mbele yake kwa kuwa siku hizi watu wanaingia bila kuwasha indiketa, hivyo hathubutu kuacha nafasi hata ya kupenya paka. Nyote wawili mnasema kweli, na kila mmoja anamtengenezea mwenzake sababu ya kesho. Indiketa ilibuniwa iwe ombi. Katika foleni zetu imegeuka king'ora cha kumwamsha mlinzi aliyekuwa anasinzia.

Tuhesabu kwanza hizo sekunde. Magari ya leni moja yanayoondoka kwenye taa ya kijani, yakishashika mwendo, hupita moja kwa takriban kila sekunde mbili. Anayekupisha anarudi nyuma kwa nafasi moja, na nafasi moja ni sekunde mbili. Hata akiwapisha watu watano kati ya Tabata na Buguruni, amepoteza sekunde kumi, muda ambao huupoteza zaidi akitafuta chenji ya kumpa muuza maji aliyeinama dirishani. Ukiitazama hivyo, ubishi wake hauna maana yoyote.

Lakini dereva wa Dar es Salaam haitazami hivyo, na wala si kwa sababu hajui hesabu. Kwenye makutano mengi makubwa, saa za asubuhi na jioni, taa huendelea kuwaka na kubadilika rangi bila mtu kuzijali, kwa kuwa anayeamua ni askari aliyesimama katikati. Askari akiruhusu upande mmoja, huuruhusu kwa muda mrefu. Akiusimamisha, watu huzima injini, hufungua simu, wengine hushuka kununua karanga. Hakuna anayejua mkono ule wenye sare nyeupe utanyooshwa mbele ya bampa ya nani. Kwa hiyo nafasi moja kwenye foleni inaweza kuwa na thamani ya sekunde mbili, na inaweza kuwa na thamani ya zamu nzima, na dereva hana namna ya kujua ile aliyonayo leo ni ya aina gani. Asiyejua thamani ya kitu alichoshika hukishika kwa mikono miwili. Naamini mtu huyohuyo, akiwa mahali ambapo taa zinafuatwa na zamu zinajulikana, angekupisha kwa wepesi zaidi.

Kuna jambo la pili, nalo ni kwamba nafasi ile anaiona kuwa ameinunua. Ameilipia kwa kuamka saa kumi na moja alfajiri na kwa dakika zote alizokaa nyuma ya lori linalotoa moshi. Binadamu hulinda alichokilipia hata pale ambapo hakimfai tena. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Marekani, Barry Ruback na Daniel Juieng, walichapisha utafiti walioufanya kwenye maegesho ya majengo ya maduka, eneo la Atlanta. Walipima muda anaotumia dereva anayeondoka, kuanzia anapofungua mlango wa gari lake hadi anapoliacha eneo lile wazi. Kama hapakuwa na mtu anayesubiri, alitumia sekunde 32 hivi. Kama palikuwa na gari linalosubiri, alitumia sekunde 39. Na anayesubiri akipiga honi, mwenye nafasi alichelewa zaidi. Fikiria: mtu anaondoka, maegesho hayo hayahitaji tena, na bado moyo wake unasita kuyakabidhi kwa anayeyatolea macho. Sembuse dereva wa Mandela ambaye nafasi yake bado anaihitaji.

Jambo la tatu ni honi ya nyuma. Wewe uliye leni ya kulia unamwona mtu mmoja tu anayekuzuia, lakini yeye anawasikia watu kumi walio nyuma yake. Stanley Milgram na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986, waliwatuma watu wajipenyeze kwenye foleni 129 za watu wa miguu jijini New York, kama zile za kununua tiketi za treni. Karibu nusu ya foleni hizo zilitoa pingamizi la namna fulani, na aliyepinga mara nyingi alikuwa yule wa kwanza nyuma ya mahali palipoingiliwa. Walio mbali zaidi nyuma, ambao nao walirudishwa nyuma kwa nafasi moja ileile, kwa kawaida walikaa kimya, kana kwamba kazi ya kulinda foleni ni ya yule aliye mlangoni. Barabarani ni hivyohivyo, isipokuwa kwamba huku walio nyuma wana honi. Dereva akiacha pengo, huambiwa amelala. Nimewahi kupigiwa honi kwa kumpisha gari la wagonjwa, kwa hiyo sisimulii jambo la kuambiwa.

Hayo matatu ni ya kawaida. Linalokuumiza wewe hasa ni la nne, nalo linahusu jinsi unavyoonekana.

Jaribu kukaa kwenye kiti cha huyo anayekufungia. Yuko leni ya kushoto tangu mbali, amejipanga na malori, anasogea hatua kwa hatua kwa sababu anajua kwamba atakata kushoto. Kila asubuhi anaona jambo lilelile: gari linakuja mbio leni ya kulia, linayapita magari arobaini yaliyojipanga, likifika mdomoni mwa makutano linawasha indiketa ya kushoto na kuingiza pua. Huyo ndiye tunayemwita mchomekeaji, na anajulikana. Pengine siku hiyohiyo ameshamwona pia yule anayetanua, yaani aliyepita juu ya vumbi la pembeni mwa lami akiwarushia mawe wanaokwenda kwa miguu. Sasa wewe unatokea, gari lako liko leni ya kulia, indiketa yako ni ya kushoto. Hajui kwamba umetoka Tabata na kwamba barabara ndiyo iliyokuweka upande huo. Kwa macho, hakuna kinachokutofautisha na mchomekeaji. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nawe ndiwe ung'ongo wenyewe. Adhabu anayokupa ni ya mtu mwingine, ambaye kwa bahati mbaya ameshafika Kariakoo.

Nitakiri jambo. Siku moja ya mvua, barabara hiyohiyo, mimi ndiye niliyefunga. Mama mmoja katika gari dogo jeupe alitaka kuingia mbele yangu, nami nilikuwa na hakika kwamba amekuja mbio kutoka nyuma. Tulisogea sambamba kwa muda mrefu, kila mmoja akitazama mbele kama asiyemwona mwenzake, vioo vyetu vya pembeni vikikaribia kugusana kila tulipotikisika kwenye shimo. Hatimaye niliteremsha kioo. Nakiri kwamba sikukiteremsha kwa wema. Kilikuwa kimejaa mvuke. Yeye naye alikuwa ameteremsha chake, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kaka, mimi nilikuwa mbele yako tangu Tabata Relini. Nilihama kukwepa lile lori lililokufa." Nikalikumbuka lile lori. Mimi pia nililikwepa, nikahamia leni ya kulia, na baada yake kuna mtu alinirudisha leni ya kushoto bila hata kunitazama. Nilikuwa nimeshamsahau.

Kusahau huko kuna mizizi katika namna macho yetu yanavyofanya kazi. Mwaka 1999 Donald Redelmeier wa Toronto na Robert Tibshirani wa Stanford walieleza katika jarida la Nature kwa nini leni ya jirani huonekana daima kuwa ndiyo inayokwenda, hata pale ambapo leni zote mbili zina mwendo uleule wa wastani. Leni yako inapofunguka unayapita magari kumi kwa sekunde chache, kisha yanapotea nyuma yako na huyaoni tena. Leni ya jirani inapofunguka wewe umesimama, unalitazama kila gari linavyokupita, na likishakupita linabaki mbele ya macho yako likikukumbusha. Muda wa kupitwa ni mrefu kuliko muda wa kupita, ingawa idadi ya magari inaweza kulingana. Kwa hiyo kila mtu kwenye foleni anaamini kwamba ameshadhulumiwa vya kutosha kabla hata wewe hujawasha indiketa yako.

Linganisha na foleni ya dukani. Mtu akikwambia, "Samahani mama, nachukua chumvi tu, nimeacha chungu jikoni," unampisha, na aghalabu wote walio nyuma yako wanakubali. Amesema sababu, umeiona sura yake, na umesikia "samahani". Gari halina maneno hayo. Lina taa moja ya njano inayosema "nataka" na haina ya kusema "naomba", na kama vioo vimetiwa rangi nyeusi, hata uso haupo.

Ndiyo maana daladala hupita mahali ambapo wewe unakwama. Watu husema ni kwa sababu daladala halijali kukwaruzwa, na hilo lina ukweli wake, lakini tazama vizuri siku nyingine linapohama kwenda kushoto kukimbilia kituo. Konda anatoa mkono mzima mlangoni, kiganja kikitazama chini, anakipunga polepole kama anayetuliza mtoto, na wakati huohuo anakutazama usoni: "Bosi, tuvumilie kidogo! Mzee, asante!" Asante inatangulia, kabla hujatoa chochote. Kumkatalia mtu aliyekwisha kukushukuru ni kazi ngumu, na makonda wanalijua hilo kuliko maprofesa.

Wewe huna konda, na shida yako ina kipengele kingine ambacho wengi hawakifikirii. Magari yetu yana usukani upande wa kulia. Anayehama kutoka kushoto kwenda kulia dirisha lake liko jirani kabisa na yule anayemwomba. Anaweza kumtazama na kumpungia. Wewe unahama kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo kati yako na unayemwomba pana kiti kitupu cha abiria na kioo kilichofungwa. Fungua kioo hicho cha kushoto. Kama una abiria, mwambie atoe mkono. Kama uko peke yako, inama kidogo ili uso uonekane, kisha umchague mtu mmoja na kumwomba huyo, kwa kuwa ombi linalotolewa kwa leni nzima halimfikii yeyote. Usimchague aliyekwisha kubana. Tafuta lori lililobeba mzigo, ambalo huchelewa kushika mwendo na kwa hiyo huacha pengo mbele yake kila foleni inaposogea, lipende lisipende. Lakini hakikisha dereva wake amekuona, kwa sababu kutoka juu kule gari dogo lililo karibu na bampa lake hupotea kabisa machoni. Na uombe mapema, ukiwa bado mwendo wa kusogea upo. Kadiri unavyokaribia makutano ndivyo unavyozidi kufanana na mchomekeaji.

Kuhusu kuingia bila indiketa, jibu langu ni hapana, na sababu yangu haimhusu hata kidogo yule anayekufungia. Kati ya leni mbili za foleni hupita bodaboda, moja baada ya nyingine, mara nyingi ikiwa na abiria aliyekunja magoti ili yasiguse vioo vya magari. Mwendesha bodaboda hana habari na ugomvi wenu. Anachotazama ni indiketa yako na magurudumu ya mbele. Ukihama bila ishara, yeye ndiye utakayemgonga. Tena kanuni ya udereva ni kwamba mwenye kuhama leni ndiye mwenye wajibu wa kuhakikisha kwamba njia ni salama, hivyo hata kama siku hiyo ulikuwa umefungiwa na magari thelathini, lawama itakuwa yako.

SWALI

Mwandishi, shikamoo.

Natokea Mbezi. Mahali ninapopita pana ujenzi, na leni mbili zinakuwa moja. Sisi waungwana tunajipanga leni moja mapema, lakini wapo wanaokwenda na leni inayofungwa hadi mwisho kabisa, kisha wanataka kuingia. Mimi huwa siwapishi, na mume wangu ananilaumu kwamba nina roho mbaya. Nani ana haki?

Msomaji, Mbezi

JIBU

Marahaba, dada yangu. Safari hii mumeo ana haki, ingawa neno "roho mbaya" namwachia mwenyewe.

Hali yako ni tofauti na ya ndugu wa Tabata, na kuchanganya hali hizi mbili ndiko kunakozaa ugomvi mwingi. Kwenye makutano, leni ya kulia inakwenda mahali pengine. Anayeitumia kuyapita magari yanayosubiri kukata kushoto, kisha akasimama kuomba kuingia, anawazuia pia wale walio nyuma yake ambao wanakwenda moja kwa moja. Huyo anastahili kununiwa. Lakini pale ambapo leni mbili zinaishia kuwa moja, leni ile inayofungwa bado ni barabara hadi pale inapofungwa. Ikiachwa tupu kwa mita mia tano, foleni inakuwa ndefu mara mbili bila sababu, na mkia wake unaweza kuziba makutano ya nyuma ambayo hayahusiani na ujenzi hata kidogo.

Nchini Ujerumani sheria ya barabarani imeuandika utaratibu wake na kuuita kwa jina la zipu: magari yanatumia leni zote mbili hadi mwanzo wa mahali panapobanwa, kisha yanaingia moja la huku na moja la kule, kama meno ya zipu. Uingereza inashauri madereva waingie kwa zamu pale magari yanapokwenda polepole. Idara ya barabara ya jimbo la Minnesota, Marekani, imekuwa ikiwahimiza madereva wake wafanye hivyo kwenye maeneo ya ujenzi, na inasema urefu wa foleni unaweza kupungua hadi kwa asilimia 40. Tuwe waangalifu hapa: kinachopungua hivyo ni urefu wa foleni. Tundu ni lilelile, na magari yanayopita katika leni moja kwa saa hayawezi kuongezeka sana kwa sababu ya adabu peke yake.

Faida kubwa ya zipu naiona kwingine. Anayepisha anajua kwamba anampisha mmoja tu, kisha ni zamu yake. Kwetu dereva anaogopa kwamba akimpisha mmoja wataingia sita, na hofu hiyo haikutoka hewani. Ukimpa shibiri huchukua pima, na sote tumeshuhudia daladala likipishwa na bajaji nne zikaja zimeshika mkia wake. Sidhani kama Mjerumani amezaliwa mwema kuliko mtu wa Kimara. Amehakikishiwa mwisho wa wema wake, basi. Kibao kimoja tu kilichoandikwa "ingieni kwa zamu", na askari wa kukisimamia kwa wiki ya kwanza, vingefanya kazi kubwa kuliko mahubiri yangu, na sielewi kwa nini wakandarasi wanaoweka vibao vya kila namna hawaweki hiki.

Kuna tabia nyingine inayofuatana na kutopisha, nayo ni kubana bampa kwa bampa. Unabana ili mtu asiingie, na kwa kubana unalazimika kufunga breki kila aliye mbele yako anapopunguza mwendo, nawe unamlazimisha wa nyuma yako afunge zaidi. Mwaka 2008 wanafizikia wa Japani, Yuki Sugiyama na wenzake, walichapisha jaribio la kuvutia: waliweka magari 22 kwenye duara lenye mzunguko wa mita 230 na kuwaambia madereva waende kwa kilomita 30 kwa saa. Hapakuwa na taa, askari, ujenzi wala wa kuchomekea. Baada ya muda mfupi mwendo uliharibika wenyewe, baadhi ya magari yakalazimika kusimama, na msongamano huo ukawa unarudi nyuma kama wimbi, kwa kasi ya kilomita 20 hivi kwa saa, kutoka gari hadi gari. Ukiwa kwenye foleni na ukasimama ghafla bila kuona kilichokusimamisha, huenda wimbi la namna hiyo ndilo limekufikia, na aliyelianzisha ameshakwenda zake. Dereva anayeacha nafasi ya urefu wa gari mbele yake anaweza kulimeza wimbi hilo bila kugusa breki. Kwa bahati mbaya, nafasi hiyohiyo ndiyo inayotamaniwa na wachomekeaji, na hapo sina dawa.

SWALI

Mwandishi, mnatuandama sana sisi wa daladala. Ninaendesha Coaster kati ya Gongo la Mboto na mjini. Nikitoka kituoni kuingia barabarani, mwenye gari dogo, yuko peke yake, hanipishi hata nifanyeje. Akinizuia vituo kumi, mimi hesabu ya tajiri naitoa wapi? Ndiyo maana tunaingiza pua kwa nguvu. Au unataka tulale kituoni?

Dereva, Gongo la Mboto

JIBU

Kaka, una hoja, na nitaitia nguvu kuliko ulivyoitia mwenyewe. Asubuhi gari lako lina watu thelathini na zaidi, waliokaa na waliosimama. Ukicheleweshwa sekunde 20, hizo ni dakika kumi za watu zilizotupwa. Mwenye gari dogo akikupisha anatupa sekunde mbili za mtu mmoja. Zipo nchi ambazo sheria inawataka madereva walipishe basi linalotoka kituoni, na hapa kwetu fikra hiyohiyo ndiyo iliyowapa mabasi ya mwendokasi njia yao tangu mwaka 2016. Wewe ulibaki upande wa pili wa zege, pamoja na sisi wengine.

Lakini mwenye gari dogo hawahesabu abiria wako. Anachokumbuka ni rangi ya gari lako na ule mstari wa njia yako, na kwamba jana gari lenye mstari huohuo lilisimama katikati ya leni kushusha abiria, likatoka bila kutazama, likamng'oa kioo cha pembeni. Huenda hukuwa wewe. Anakulipisha wewe, kama ndugu wa Tabata anavyolipishwa deni la wachomekeaji. Na hapa, tofauti na unapohama kwenda kushoto, konda hakufai: mlango wake uko kushoto, upande wa kituo, na wewe unaingia kulia. Mkono unaotakiwa ni wako, nao uko dirishani kabisa, hatua moja kutoka kwa unayemwomba. Nimewatazama madereva wa njia yako kwa muda mrefu nikiwa nimekaa nyuma yao. Wengi mkono huo wanautumia kushikilia paa.

Kuhusu hesabu ya tajiri, dereva wa gari dogo hawezi kuijua, kwa kuwa haikuandikwa popote kwenye bodi ya Coaster yako, ingawa nyuma yake huandikwa mambo mengine mengi sana.